Mume kahama na matumizi hakuna: je, lazima nidai talaka kwanza?

Swali: Wakili, shikamoo. Niko Morogoro. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2012, tuna watoto wawili, mmoja kidato cha kwanza na mwingine darasa la tatu. Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma na Kongo. Alihamia kwa mwanamke mwingine na tangu hapo hatuna matumizi ya kueleweka. Mimi ni fundi cherehani, ila nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi na daktari amenikataza kukaa muda mrefu kwenye mashine. Nilikwenda Ustawi wa Jamii, akaitwa, akasaini kwamba atatoa laki tatu kila mwezi. Alilipa miezi miwili, wa tatu akatuma elfu hamsini, kisha kimya. Ana bajaji mbili zimeandikwa jina la mdogo wake. Nyumba tunayokaa ina jina lake na anatishia kuiuza. Sitaki talaka. Balozi wetu anasema bila barua ya baraza na bila kudai talaka mahakama hainisikilizi. Dada yangu wa Dodoma naye anasema amri za matunzo ni karatasi tu, yeye anayo na hajaona hela. Nataka kudai 700,000 kwa mwezi, mchanganuo nimeuambatisha. Mshahara wake kwenye karatasi ni 650,000, na ninazo jumbe zake za WhatsApp. Mama mkwe alituletea gunia la mahindi, je, nalo litahesabiwa? Nianzie wapi, maana hali ni mbaya sasa hivi, si mwakani?

Jibu: Marahaba dada, na pole kwa upasuaji.

Nianze na balozi wako, kwa kuwa maneno yake ndiyo yaliyokukalisha nyumbani muda wote huu. Amechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inamzuia mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza likashindwa kuwapatanisha. Kifungu cha 106 kinaongeza kwamba hati ya baraza iambatishwe, na iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Zipo hali chache zilizosamehewa, lakini utaratibu ndio huo. Sasa, yote hayo ni ya talaka. Anayedai matunzo peke yake hadaiwi hati ya baraza.

Kifungu cha 63 kinamtwika mume wajibu wa kumtunza mke au wake zake kwa kadiri ya uwezo na hali yake ya maisha. Kifungu cha 115 ndicho kinachoipa mahakama uwezo wa kumwamuru alipe: pale alipokataa au kupuuza wajibu huo, pale alipomtelekeza mkewe, wakati shauri lolote la ndoa linaendelea, na wakati wa kutoa amri ya kutengana au talaka au baadaye. Wewe unaangukia kwenye sababu mbili za kwanza. Kwa hiyo usiogope kwamba ukiomba matunzo utakuwa umekubali kuachika. Utasimama mbele ya hakimu ukiwa mke, na madai yako yote yatajengwa juu ya kuwapo kwa ndoa hiyo.

Nigeuke kidogo kwa wasomaji wengine, maana maswali ya aina hii yanakuja kwa sura nyingi. Ninayoeleza hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, na ndoa za Waislamu huko zinasikilizwa na Mahakama ya Kadhi. Mwanamke aliyeishi na mwanamume miaka miwili au zaidi bila kufunga ndoa, jamii ikiwatambua kama mke na mume, asikate tamaa: kifungu cha 160 kinamruhusu kuomba matunzo yake na ya watoto hata kama ile dhana ya ndoa imekanushwa mahakamani. Na kwa akina baba: mke mwenye uwezo naye anaweza kuamriwa kumtunza mume ambaye maradhi ya mwili au ya akili yamemwondolea uwezo wa kujitafutia. Mume mzima anayependa kulala hahusiki hapo.

Turudi Morogoro. Karatasi uliyotoka nayo Ustawi wa Jamii si amri ya mahakama. Ni makubaliano mliyoyasaini mbele ya ofisa. Ofisa huyo hana dalali wa mahakama wa kumtuma kukamata mali na wala hawezi kumwandikia mwajiri akate mshahara. Mume akikaidi, wanachoweza ni kumwita tena, au kukusaidia ufike mahakamani. Mwulize dada yako wa Dodoma anachokishika mkononi ni nini hasa. Nimewaona kina mama wengi wakisema "nina amri" wakitoa kwenye pochi karatasi yenye mhuri wa kata. Kama yake ni ya namna hiyo, basi hajafika mahakamani bado, na hana sababu ya kuilaumu mahakama kwa sasa.

Lakini usiitupe yako. Ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Inaonyesha kwamba mwanamume mwenyewe, kwa saini yake, alikubali kuwa ana wajibu, na alikubali kuwa laki tatu kwa mwezi anaziweza. Miamala miwili ya laki tatu inathibitisha kwamba aliziweza kweli. Ule wa elfu hamsini unaonyesha ni lini alianza kukwepa. Atakapokuja kuapa kwamba hana uwezo, hakimu atamwonyesha karatasi hiyo na kumuuliza nini kimebadilika. Nenda Ustawi wa Jamii uombe nakala yenye mhuri, na uombe pia maandishi kwamba aliitwa mara ya pili akakataa kuja, kama ndivyo ilivyokuwa.

Mahakama ipi? Kifungu cha 76 kinaziruhusu zote, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, kusikiliza mashauri ya ndoa. Mahakama ya Mwanzo iko karibu, gharama ni ndogo, na unaweza hata kueleza madai yako kwa mdomo yakaandikwa pale pale. Kama mumeo angekuwa na duka sokoni na hakuna kingine cha kubishania, ningekwambia nenda Mwanzo kesho asubuhi. Kwako naona heri Mahakama ya Wilaya. Unahitaji amri ya muda ya haraka, zuio la nyumba, wito kwa mwajiri na pengine kukatwa kwa mshahara, na Mahakama ya Wilaya inatumia Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ambayo zana hizo zote zimo ndani yake. Kikwazo ni maandalizi ya nyaraka. Hilo lina msaada, nitalifikia.

Utafungua vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni ombi lenyewe la matunzo, lako na la watoto. Madai ya watoto yana msingi wake, kwa sababu baba ana wajibu kwao hata kama wewe ungekuwa na mshahara mnono, kwa hiyo yataje peke yake na kiasi chake. Cha pili ni ombi dogo la amri ya muda, linalokwenda na hati ya dharura pamoja na kiapo chako, ukiomba alipe kiasi fulani kila mwezi wakati ombi kuu linasubiri kusikilizwa. Hiki cha pili ndicho jibu la neno lako "sasa hivi". Ukifungua ombi kuu peke yake, utapangiwa tarehe, mume ataomba muda wa kujibu, lori litakuwa Lubumbashi siku ya kusikilizwa, na watoto watakula nini?

Kila anayekuja mahakamani anasema ana dharura, kwa hiyo neno hilo peke yake halimwamshi hakimu. Kinachomwamsha ni kiapo chenye vitu vya kushikika. Usiandike "ninateseka sana mimi na wanangu". Andika tarehe ya upasuaji na uambatishe barua ya daktari inayokukataza kukaa kwenye mashine, kwa muda gani. Andika deni la dukani ni shilingi ngapi na lilianza lini. Andika tarehe ya kliniki uliyoikosa kwa kukosa nauli. Andika kwamba kabla ya kuhama yeye ndiye aliyekuwa akileta matumizi, kiasi gani, kwa njia gani, na muamala wa mwisho ulikuwa wa tarehe ipi. Na useme kweli kuhusu kipato chako. Kama bado unapata elfu hamsini kwa kushonea majirani, itaje. Wakili wa upande wa pili akiigundua kabla hujaisema, kiapo chote kitaanza kutiliwa shaka.

Hakimu anaweza kutoa amri ya kitambo kwa kusikiliza upande mmoja, ila kwa suala la fedha wengi hupenda mume aitwe kwanza, hata kama ni ndani ya siku chache. Hapo ndipo wito unapokuwa kazi. Dereva wa masafa hapatikani nyumbani, na ndugu watasema hawajui alipo. Omba tangu mwanzo wito upelekwe pia kupitia mwajiri wake, kwa kuwa mwajiri anajua lori liko wapi na linarudi lini. Ikishindikana, mahakama inaweza kuruhusu njia mbadala, kama kubandika wito anakoishi au tangazo gazetini. Akishapata wito kihalali na asitokee, mahakama inaweza kuendelea bila yeye.

Sasa kiasi. Kifungu cha 116 kinamwelekeza hakimu aangalie kwanza uwezo na mahitaji ya pande zote mbili, kisha azingatie nani alichangia zaidi ndoa kuvunjika, na mila za jamii yenu. Soma tena hayo mawili ya kwanza: uwezo wake, mahitaji yako. Hizo 700,000 ulizozitaja, kwenye mchanganuo ulioniambatishia, sizioni. Nimejumlisha mwenyewe: chakula 240,000, gesi na mkaa 45,000, LUKU na maji 35,000, nauli na chakula cha shule 60,000, dawa na kliniki 50,000. Jumla 430,000. Kinachobaki umeweka "mengineyo" na marejesho ya kikoba. Mengineyo yafute, hakuna hakimu anayekubali mengineyo. Marejesho ya kikoba yaeleze peke yake kama mkopo ulichukuliwa kwa ajili ya matibabu au ada, na uambatishe daftari. Kama ulichukuliwa kwa mtaji wa vitenge, mume hatabebeshwa. Omba 430,000 ukiwa na risiti, na utasikilizwa kuliko kuomba 700,000 ukiwa na maelezo. Vitu vya mara moja, kama sare, godoro la bweni au gharama ya kipimo kinachofuata, viombe kama kiasi cha mkupuo, visichanganywe na vya kila mwezi.

Kwa upande wa uwezo wake, tegemea atakuja na karatasi ya mshahara. Unasema mshahara wa kwenye karatasi ni 650,000. Madereva wa masafa wengi hawaishi kwa mshahara, wanaishi kwa posho ya safari, na posho haionekani kwenye karatasi hiyo. Omba mahakama imwite ofisa wa mwajiri alete rekodi za mshahara na za posho kwa miezi 6 au 12 iliyopita, pamoja na idadi ya safari. Ukiacha hili, matunzo yatapimwa kwa laki sita na nusu wakati kipato halisi ni zaidi.

Bajaji ni ngumu zaidi, ila hazishindikani. Kadi inasema ni za mdogo wake. Usipoteze nguvu kubishana na kadi. Tafuta hesabu inakwenda wapi. Dereva wa bajaji anapeleka hesabu kwa mtu fulani kila siku au kila wiki, mara nyingi kwa simu, na anamjua bosi wake ni nani. Nani alilipa bima? Bajaji ikiharibika, fundi anampigia nani? Dereva mmoja akikubali kuja kutoa ushahidi kwamba hesabu anamtumia mumeo, hakimu anaweza kuihesabu kama sehemu ya kipato chake. Angalia lakini: kuihesabu kama kipato ni jambo moja, kuikamata bajaji yenyewe ni jingine. Ukimtuma dalali akakamate chombo chenye jina la mtu mwingine, mdogo mtu ataleta pingamizi, na utatumia miezi ukithibitisha umiliki. Itumie kuongeza kiwango cha matunzo, usiitegemee kwenye kukamata.

Jumbe za WhatsApp ambamo anakiri au kutukana unaweza kuzitumia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa kielektroniki ukitimiza masharti ya uhalisia wake. Usibadilishe simu wala kufuta mazungumzo. Chukua pia taarifa ya miamala yako ya simu kutoka kwa kampuni ya simu, kwa sababu picha ya kioo peke yake inapingwa kirahisi. Na lile gunia la mahindi aliloleta mama mkwe, ambalo unauliza kama litahesabiwa: mumeo atajaribu. Mshukuru mama mkwe, andika tarehe, na useme wazi limetoka kwa nani. Zawadi ya bibi kwa wajukuu haifuti wajibu wa baba yao.

Hapa ninafika kwenye kilio cha dada yako. Amri nyingi zinazoshindwa kutekelezwa ziliharibika siku ile ile zilipoandikwa. Amri inayosema "mdaiwa aendelee kutoa matunzo kwa familia yake" inapendeza kusomwa na haitekelezeki. Dalali atakamata thamani ya shilingi ngapi? Mume anapeleka debe la mchele mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu analipa umeme, akiulizwa anasema ametunza. Hakimu akiuliza unaomba nini, uwe na maneno yako tayari, na yawe kwenye maombi yaliyoandikwa. Kwa mfano:

"Mdaiwa alipe shilingi 430,000 kila mwezi, si zaidi ya tarehe 5, kwa namba ya simu au akaunti iliyotajwa ya mdai, kuanzia tarehe ya kufunguliwa kwa ombi hili, ambapo shilingi 190,000 ni matunzo ya mdai na shilingi 240,000 ni ya watoto wawili. Malipo ya njia nyingine hayatahesabiwa isipokuwa mdai amekiri kwa maandishi. Mwajiri akate kiasi hicho kwenye mshahara na stahili za mdaiwa na kukituma moja kwa moja kwa mdai."

Kila neno hapo lina kazi. Tarehe 5 inaonyesha kosa linaanza lini. Namba ya malipo inaua ubishi wa "nilimpa mkononi". Kugawa kiasi kunalinda sehemu ya watoto hata yako ikija kubadilishwa. Na sentensi ya mwajiri, kwa mtu aliyeajiriwa, inafaa kuombwa tangu mwanzo badala ya kungoja akose kulipa. Hakimu anaweza kuikataa kwa hatua hiyo, lakini utakuwa umemwonyesha njia ya kurudia. Mahakama inaweza pia kumtaka aweke dhamana ya matunzo, jambo ambalo ni nadra kuombwa na lina maana kwa mtu mwenye mali lakini asiye na mshahara.

Nyumba isisubiri. Kifungu cha 59 kinasema mwenzi mwenye nyumba ya ndoa haruhusiwi, ndoa ikiwapo, kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na mwenzake huyo ana maslahi yanayoweza kulindwa kwa kuweka zuio. Kama ina hati, nenda ofisi ya msajili wa hati na cheti cha ndoa ukaweke zuio hilo. Kama haina, kama zilivyo nyumba nyingi za pembezoni mwa mji, mwandikie mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kwamba nyumba hiyo ni ya ndoa na hujaridhia kuuzwa, wagonge mhuri kwenye nakala yako. Mauzo ya viwanja visivyo na hati hupitia mezani kwao. Ndani ya ombi la dharura ongeza ombi la kuzuia mauzo. Zuio la namna hii hupatikana upesi kuliko amri ya fedha, kwa sababu halimwondolei mume chochote, linaacha mambo yalivyo tu. Hata akiwahi kuhamisha mali kwa nia ya kukwepa matunzo, Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kuzuia au kutengua uhamisho huo.

Umepata amri, tarehe 5 imepita, kimya. Usingoje miezi sita "nione kama atabadilika". Chukua nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama na ufungue maombi ya utekelezaji katika mahakama iliyoitoa, ukionyesha kilichopaswa kulipwa, kilicholipwa na kinachodaiwa. Malimbikizo ya matunzo ni deni kama madeni mengine. Wewe ndiye unayechagua njia, na kwako ningezipanga hivi: kwanza mshahara, kwa amri inayomwendea mwajiri, mwajiri akiipuuza, naye anakuwa na la kujibu. Sheria inaacha sehemu ya mshahara isiguswe, kwa hiyo usitarajie kukatiwa wote. Pili, fedha zilizo kwenye akaunti yake benki. Tatu, kukamata na kuuza mali kupitia dalali wa mahakama, ukikumbuka kwamba dalali ana gharama zake na vyombo vya ndani vilivyochakaa mara nyingi haviifikii hata gharama hiyo. Zaidi ya hapo, sheria inakinga vitu kama vyombo vya kupikia, vitanda na nyumba ambayo mdaiwa na familia wanaishi.

Mwisho kabisa ni kifungo cha madai. Mahakama inamwita ajieleze kwa nini asipelekwe gerezani, na ikiridhika kwamba ana uwezo lakini anakataa kwa makusudi, au anaficha mali, inaweza kumfunga. Wasichokijua wengi ni kwamba mdai ndiye anayelipa posho ya kumtunza mfungwa huyo, kifungo hakizidi miezi 6, na akishatoka hawezi kukamatwa tena kwa deni lile lile, ingawa deni linabaki. Dereva aliyeko gerezani hapigi safari. Kwa hiyo mimi ule wito wa kujieleza naupenda kuliko kifungo chenyewe. Mara nyingi fedha hupatikana kati ya siku ya wito na siku ya kusikilizwa, kutoka mahali ambapo kwa mwaka mzima hapakuwa na kitu.

Ipo pia njia ya jinai, kwa kuwa kukaidi amri halali ya mahakama ni kosa chini ya kifungu cha 124 cha Kanuni ya Adhabu, na kuwanyima watoto chakula na mahitaji nako kuna vifungu vyake. Dawati la Jinsia na Watoto polisi watakupokea. Kama anakupiga au anakutishia maisha, anzia huko leo. Kama tatizo ni fedha tu, nashauri huko pawe pa mwisho, kwa sababu hiyo hiyo ya dereva asiyepiga safari.

Katika siku hizi za kusubiri, kuna kifungu kimoja ambacho hata mawakili wengine hawakikumbuki. Kifungu cha 64 kinamchukulia mke kuwa na ruhusa ya kukopa kwa jina la mumewe mahitaji ya lazima yake na ya watoto wadogo, kwa kiwango kinacholingana na maisha ya mume. Mangi wa dukani hatakupa mchele kwa kumsomea sheria, najua. Lakini deni la dukani lililoandikwa vizuri kwenye daftari, lenye tarehe na bidhaa, lina nafasi yake mbele ya hakimu.

Gharama zisikutishe. Unaweza kuomba kusamehewa ada za mahakama ukieleza hali yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa bure pamoja na wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, ambao wanaweza kukuandalia kiapo na maombi. Ofisa Ustawi wa Jamii anawajua, mwombe akuelekeze. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao wana msaada kwa kesi kama yako, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ikifika mkoani kwenu wapelekee faili lako lote, si maelezo ya mdomo.

Akija kusema kipato kimeshuka, lori limeuzwa, ana mtoto mwingine, mwambie aende mahakamani akaombe amri ibadilishwe. Sheria inamruhusu hali ikibadilika kweli. Haimruhusu kujipunguzia mwenyewe. Na wewe ukipona ukarudi kwenye cherehani, ujue naye anaweza kuomba sehemu yako ipunguzwe. Ya watoto ni hesabu nyingine.

Jambo moja linaloharibu kesi nyingi kuliko ujuzi wa wakili wa upande wa pili. Siku moja kabla ya tarehe, mume anakuja na laki moja na maneno matamu, mama anaona suala limekwisha, hatokei mahakamani, na maombi yanafutwa kwa kutohudhuria. Mwezi unaofuata anaanza moja. Akikuletea laki moja ipokee, mwandikie kwamba umepokea laki moja kati ya kiasi fulani anachodaiwa, msaini wote wawili. Kesho yake amka mapema, nenda na karatasi hiyo, umwambie hakimu kilicholipwa na kilichobaki. Kama mmepatana kwa dhati, mapatano hayo yaandikwe mle ndani na yawe amri ya mahakama.